Pikapu Yangu Haikuomba Ushauri

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Wenye daladala huguna, wenye bodaboda hupandisha nauli kimyakimya, na shemeji yangu hupata wazo. Bei yenyewe nimeshaizoea. Ninachokiogopa ni wazo, kwa sababu wazo la shemeji halikai kichwani muda mrefu. Kufika Ijumaa limeshafungwa kwa klipu chini ya boneti ya pikapu yangu.

Nasema yangu kwa sababu kadi ina jina langu. Kwa matendo ni yake. Yeye ndiye anayeteremka nayo Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu, ndiye anayepanda nayo Kitonga usiku kurudi Iringa, ndiye anayejua ikikohoa inataka nini. Mimi nalipa bima na kupokea simu. Simu zake zina utangulizi mmoja: "Shem, usiwe na wasiwasi." Ukiambiwa hivyo saa tisa usiku na mtu aliye katikati ya mlima na magunia ya watu, usingizi unakuaga hapohapo.

Gari lenyewe halina makuu. Ni Toyota Hilux ya zamani, injini ya 3L, lita 2.8, silenda nne, haina tabo wala kompyuta. Mfumo wake wa mafuta unaweza kumweleza mtoto wa darasa la nne akauelewa kabla kengele haijalia. Tangi liko nyuma. Bomba linakuja mbele hadi kwenye filta, na juu ya filta kuna pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono. Kutoka hapo mafuta yanaingia kwenye pampu kubwa, ile ya aina ya VE ambayo Wajerumani wa Bosch waliibuni na Wajapani wakaitengeneza kwa leseni. Pampu inayagawa kwa vibomba vinne vya chuma, kila kibomba na nozeli yake, na yanayobaki yanarudi tangini. Plagi za cheche hakuna. Pistoni inaibana hewa hadi inabaki sehemu moja ya ishirini na mbili, hewa inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, nozeli inarusha dizeli, moto unajiwakia wenyewe. Basi. Watu walikaa Japani wakapima kila tundu, wakakaza skrubu ya mwisho, wakaipiga sili ili mtu asiiguse.

Shemeji akaitazama ile sili akaniambia, "Shem, hapa ndipo walipoficha nguvu."

Mwalimu wake ni simu. Marekani kuna watu wana pikapu ambazo geti letu haliwezi kuzipitisha, Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, silenda sita na tabo juu, injini ambayo ilianza kufungwa kwenye pikapu hizo mwaka 1989. Jamaa hawa Jumamosi hawana kazi nyingine. Wanabadilisha pampu, wanaongeza pampu ya umeme ya kusukuma mafuta kutoka tangini, wanapanua mabomba, kisha mmoja anakanyaga mafuta, moshi mweusi unafunika mtaa mzima, wengine wanapiga makofi. Huko kwao hilo ni kosa. Sheria yao ya hewa safi inakataza kuchezea vifaa vya kudhibiti moshi, na mamlaka yao ya mazingira imewatoza faini wanaouza vifaa vya kufanyia mchezo huo. Sehemu ya faini shemeji huwa haifikii. Anasema bando huisha mapema.

Nimejaribu kumweleza tofauti ya lita 5.9 na lita 2.8. Anasema dizeli ni dizeli.

Alianza na mpira. Mpira wa mafuta wa kiwandani ni mweusi, huoni kinachopita ndani, na shemeji hapendi kufichwa mambo. Akanunua mpira wa kuonesha, ule ambao mafundi ujenzi wanatilia maji wakapimia levo ya ukuta, akaufunga kati ya filta na pampu. Jioni nilitoka nje nikakuta boneti iko juu na wanaume wa mtaa wetu wa Kihesa wameizunguka injini, tochi za simu zimewashwa, hakuna anayeongea. Mmoja alikuwa ameinama kabisa, kidole chake kinafuata mpira polepole bila kuugusa. "Hicho kimoja," akasema. Kimya. "Hicho kingine." Walikuwa wanahesabu mapovu.

Sasa elewa jambo moja kuhusu gari hili, maana ndilo linalomshinda shemeji hadi leo. Tangini hakuna pampu. Pampu iliyo mbele ndiyo inayovuta mafuta yenyewe kutoka nyuma, kwa hiyo njia yote ya kutoka tangini mpaka mbele iko katika kuvutwa. Injini ikiwa inanguruma na bomba likiwa na tundu upande huo, hutaona dizeli ikidondoka. Tundu linavuta hewa ndani, chini pakavu kabisa, wewe unapapasa huku na huku unasema gari limerogwa. Na mpira ule wa levo haukutengenezwa kwa ajili ya dizeli ya moto. Ulilainika wiki ya kwanza, baadaye ukakakamaa, klipu ikawa inazunguka juu yake bila kushika. Mapovu yale yote yaliingilia hapo. Shemeji alifunga dirisha ili alione tatizo, na tatizo likaingilia dirishani.

Yeye hakuliona hivyo. Aliona ushahidi. "Unaona sasa, Shem? Siku zote lilikuwa linavuta hewa, sema tu tulikuwa hatuoni."

Dawa ya hewa, kwa mujibu wa simu, ni pampu ya umeme. Wamarekani wanafunga, na kwa injini zao wana sababu zao. Shemeji akaenda kwa wauza spea za kuchinjwa akarudi na pampu iliyotolewa kwenye tangi la gari dogo la petroli. Nikamwuliza kama anajua inasukuma kwa presha kiasi gani. Akanijibu, "Inasukuma vizuri." Pampu za magari ya petroli ya siku hizi husukuma kwa bar 3 hivi. VE haikuagizwa iletewe mafuta kwa nguvu hiyo, yenyewe inataka kupewa pole pole, na mbele yake, pale shafti inapotokea, kuna sili ya mpira. Ukiisukuma sana sili inachoka, dizeli inaanza kuvujia mbele. Na kilicho mbele ya pampu kwenye 3L ni mkanda wa taimingi. Dizeli na mkanda wa mpira haviivi chungu kimoja. Siku mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinakutana mahali ambapo hazikupangiwa kukutana, na hapo hutatafuta spea tena, utatafuta injini.

Swichi ya pampu hiyo aliichukua nyumbani. Ni swichi ya taa, nyeupe, ya ukutani, imepachikwa kwenye dashibodi kwa skrubu mbili na bado ina alama ya rangi ya chumba cha wageni. Mama mmoja mfanyabiashara, aliyekodi gari akakaa mbele, aliizima kwa nia njema kabisa. Alidhani ni taa, na kwao alifundishwa kutokuacha taa inawaka mchana. Gari lilizima katikati ya mteremko wa Ipogolo, nyuma yake basi, nyuma ya basi foleni. Mama wa watu akaomba radhi mpaka mimi niliyesimuliwa nikaona aibu.

Dada yake, yaani mama watoto wangu, ukimlalamikia ana jibu moja. "Afadhali anachezea pampu kuliko kuchezea pombe." Ni jibu gumu. Sijalipatia jibu lake.

Ila hata yeye alinyamaza siku ya msiba. Kwenye pampu ya VE kuna solenoidi ya kuzimia. Ukifungua swichi ya gari umeme unaifungua na mafuta yanapita, ukizima inafunga na injini inakata. Kwa ufundi wa kuungaunga nyaya, shemeji aliiunguza. Badala ya kununua nyingine, akaitoa sindano yake ya ndani, akairudisha ganda tupu. Gari likawa halijui kuzimwa. Unatoa ufunguo, unauweka mfukoni, unashuka, lenyewe linaendelea kunguruma. Kulizima inabidi uingize gia kubwa, ukanyage breki, uachie klachi ghafla, likufie mikononi.

Tulifika msibani mchungaji ameshaanza kusoma. Shemeji, kwa heshima ya marehemu, akaona asilizime kwa kishindo mbele za watu, akaliacha lingurume taratibu nje ya ua, nyuma ya mabenchi. Dizeli ya zamani haina taratibu. Kila mchungaji alipotua kuvuta pumzi, sisi tulisikia ta-ka-ta-ka-ta-ka. Mwishowe akavua miwani akasema, "Mwenye pikapu nyeupe, tunaomba azime." Shemeji akatoka ameinama. Tukasikia gia ikiingia. Kisha gari likaruka, likapiga kishindo, likafa, na benchi zima la wazee waliolipa mgongo wakasimama wote kwa pamoja. Mmoja akasema "Bwana asifiwe" bila kukusudia. Mchungaji akaendelea na mstari.

Ile sili sasa. Nilijua iko siku. Skrubu yenyewe iko nyuma ya pampu, na ukiizungusha kuingia ndani injini inapewa mafuta zaidi pale mguu unapokuwa chini kabisa. Mafuta zaidi, lakini hewa ileile. Yule Mmarekani ana tabo ya kumsukumia hewa. Yetu inavuta kwa pumzi zake yenyewe, na pumzi hizo Kitonga, ukiwa na magunia, hazitoshi hata kwa kipimo cha kiwandani. Dizeli iliyokosa hewa haiungui ikaisha, inatoka masizi. Moto unasukumwa mpaka kwenye njia ya ekzosi, na pistoni, kwa wasiojua, ni alumini. Alumini huyeyuka.

Nisichoweza kumsamehe ni kwamba ilifanya kazi. Ingekataa siku ileile tungeishia hapo. Akanipigia akiwa juu, sauti imejaa machozi ya furaha: "Shem, tumeipita semi ya Zambia!" Aliipita kwenye kona za Kitonga, mahali ambapo mwenye akili timamu hampiti hata mwenye baiskeli. Mzigo ulipofika sokoni, mteja mmoja alichukua kitunguu, akakisugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole, akaniuliza kama siku hizi nimehamia kwenye mkaa. Turniboi aliyepanda juu ya magunia hakuhitaji kuulizwa. Meno na macho ndivyo vilivyomtambulisha.

Basi ikaja ile simu ya saa tisa. Usiku huo nilikodi gari la jirani nikateremka, kwa sababu wenye vitunguu nao wana namba yangu. Ukianza kushuka Kitonga unaona matawi ya miti yamepangwa barabarani kabla hujaliona gari, na kwa matawi yalivyokuwa mengi nilijua ni la kwetu. Jiwe limewekwa nyuma ya tairi. Malori yanapita yanalia kwa gia ndogo, taa zake zinatumulika na kutuacha gizani. Shemeji alikuwa amelegeza nati za vibomba kwenye nozeli, anabonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta, kidole gumba kimevimba. Akibonyeza, povu linatoka kwenye nati ya kwanza, jeupe, linasikika linavyochemka. Anampa turniboi ishara, turniboi anapiga stata, betri inasema uu-uu-uu. Povu. Wanapumzika. Wanabonyeza tena. Kutoa upepo kwenye dizeli ni kazi ya dakika chache kama bomba ni zima: unasubiri nati itoe mafuta matupu, unakaza, unakwenda ya pili. Kama bomba linavuta hewa unaweza kubonyeza mpaka jua lichomoze juu ya Ruaha, povu halikauki, maana unachokitoa mbele kinaingia nyuma.

Nilimulika nyuma. Pale bomba linapoungana na tangi alikuwa amefunga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungushia waya. Lilipokuwa likivuja, sehemu ya chini ya tangi, alikuwa amepaka sabuni ya mche. Sabuni siikatai. Sabuni ya mche imefikisha wengi nyumbani, ipakwe kwenye tangi uende gereji kesho yake. Yake ilikuwa imekaa mpaka imeota vumbi, ngumu, ina nyufa. Nilimwuliza ni ya lini. Akasema, "Hiyo ni ya muda tu, Shem."

Na wakati wote huo sijataja mafuta yenyewe. Kila bei inapopanda anakuwa na elimu mpya. Kwanza ilikuwa mafuta ya taa, kiasi kidogo kwenye kila tangi, eti yanasafisha nozeli. Zamani wajanja wa vituo walichanganya mafuta ya taa na dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi. Serikali ikalishtukia hilo, na katika bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, faida ikapungua. Shemeji anaendelea bila hata faida. Nimemwambia pampu yake haina oili nyingine, inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani, na mafuta ya taa ni mepesi, vyuma vinasagana. Anasema ndiyo maana yanasafisha.

Halafu akagundua mafuta ya chipsi. Akawa anapita jioni kwa wakaanga chipsi na dumu, anawaomba mafuta waliyoyachoka, na wakaanga chipsi wa mji huu hawayachoki mafuta mapema. Yale yaliyowashinda wao ndiyo tuliyoyapokea sisi. Akayachuja kwa kitenge cha dada yake. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipata mtu wa kuniunga mkono nyumbani.

Nilipopinga akanitolea historia. Ni kweli, na hilo ndilo linaloudhi. Kwenye maonesho makubwa ya Paris mwaka 1900, mtambo wa dizeli uliendeshwa kwa mafuta ya karanga mbele za watu, na Rudolf Diesel mwenyewe aliyasemea vizuri mafuta ya mimea baadaye. Shemeji anasimulia habari hizo kana kwamba alikuwepo. Mimi nikamkumbusha kwamba nchi hii inajua karanga. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na mradi wa karanga wa kuwapatia kwao mafuta ya kula, wakaleta vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, na mwaka 1951 wakaufunga wenyewe wakiwa wametupa mamilioni ya pauni. Karanga zina tabia ya kuwavutia watu wenye mawazo makubwa. Isitoshe injini ya Paris haikuwa na haja ya kuamka asubuhi ya mwezi wa saba Iringa. Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko dizeli, na baridi ikiingia yanazidi kuwa mazito. Wanaoyatumia kwa akili huyapasha moto kwanza kabla hayajafika kwenye pampu. Yetu yalilala nje Kihesa, yakaganda kwenye filta. Asubuhi shemeji akaleta jiko la mkaa, akataka kuliingiza chini ya injini. Chini ya gari lenye tangi la dizeli, mpira wa baiskeli na sabuni. Mama watoto alilichukua jiko bila kusema neno, akaenda kupikia chai.

Kwa fundi tulifika tumevutwa. Fundi wetu ni mzee, amezifungua pampu tangu Hilux hizi zikiwa mpya, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yameshaingia ndani ya boneti. Akauliza swali lile ambalo mafundi wote wa dunia hii huanza nalo, na likishaulizwa bei inapanda hata usipojibu.

"Nani kaigusa hii?"

Shemeji akatazama pembeni. Mzee akatandika gunia chini, akaanza kutoa kimoja kimoja na kukipanga, bila haraka. Swichi ya chumba cha wageni. Filta ya bodaboda, ambayo hata mimi sikujua ipo, kumbe iliongezwa kabla ya filta kubwa "kuisaidia," kijitundu chake hakipitishi mafuta ya kutosha injini ya lita 2.8 ikiwa tambarare, sembuse mlimani. Pampu ya petroli. Mpira wa levo, umekakamaa, umebaki na umbo la mkunjo wake. Ganda la solenoidi. Kipande cha kitenge, sijui kilifikaje mle. Turniboi alisogea kuangalia akaguna, "Mbona ni vingi hivi, na gari lilikuwa linatembea?"

Hapo ndipo penyewe. Injini hii ina moyo wa bibi mzaa mama: unamkosea asubuhi, mchana anakutengea chakula. Unaipa hewa, inakohoa na kwenda. Unaipa mafuta ya taa, inakwenda. Unaipa yaliyokaangia mihogo, inakwenda inanukia. Kila kosa inalimeza kwa wiki mbili tatu, na katika wiki hizo shemeji anapata muda wa kutosha kuhesabu kosa lile kuwa ni uvumbuzi na kuwafundisha wengine kijiweni. Ingekuwa inagoma palepale, nchi hii ingekuwa na wavumbuzi wachache sana wa pampu. Sisi tunadhani tunajua dizeli, kumbe tunavumiliwa.

Mzee alirudisha vya kiwandani. Mpira mweusi wa dizeli, klipu mpya pande zote mbili, filta halisi, solenoidi nzima. Bomba la nyuma akaliunga upya, tangi akalichomelea baada ya kulitoa, kulikausha na kuliosha mara kadhaa, maana tangi lenye mvuke wa mafuta si la kuchezea na moto. Pampu akaipeleka kwenye mashine ya kupimia, skrubu ikarudishwa ilipokuwa, ikapigwa sili mpya. Nozeli zikapimwa, zifunguke kwenye presha ya bar 150 hivi kama zilivyokusudiwa. Gari likawaka kwa stata moja na kuzimwa kwa ufunguo. Bili siitaji hapa, mama watoto husoma safu hii.

Ningependa kusema yameisha. Lakini shemeji ameshaanza kuweka akiba. Anasema hili la zamani halina nguvu tena, "wamelibana," na anataka kununua Hilux ya D-4D. Hizo ni komoni reli. Pampu inajaza bomba moja la pamoja kwa presha inayozidi bar 1,300, na kompyuta ndiyo inayoamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Nafasi ndani ya nozeli hizo ni ndogo kuliko vumbi linaloweza kupita kwenye kitenge. Maji kidogo, mafuta ya taa kidogo, uchafu wa dumu, zinakufa, na bei ya nozeli zake nne inaweza kukutoa kwenye biashara ya vitunguu moja kwa moja. Halafu kuna ile desturi ya mafundi wetu ya kulegeza nati ya kibomba injini ikinguruma, kusikiliza silenda ipi imekufa. Kwenye 3L utalowa dizeli. Kwenye komoni reli mafuta yanatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi na kuingia mwilini, na hapo safari si ya gereji, ni ya hospitali, upasuaji, haraka. Nimemweleza haya yote. Amenisikiliza vizuri, akanyamaza, kisha akaniuliza kompyuta yake huwa iko upande gani.

Kwa hiyo nawaomba madalali wa magari wa Iringa, Makambako na Mafinga. Akija kijana mrefu, mpole, mwenye heshima, anaulizia pikapu ya D-4D, na akaomba afunguliwe boneti kabla hajauliza bei, mwambieni imeshauzwa.